Picha kali ya radi ni ya dhoruba iliyo mbali

Msimu wa mvua ukifika, anga ya Uasin Gishu inafuata ratiba. Asubuhi jua linawaka fiti, unaanika nguo bila wasiwasi. Ikifika saa nane mchana, mawingu yanaanza kupandana upande wa Nandi na Kakamega, meupe juu kama pamba, meusi chini kama sufuria ya githeri. Jioni ngurumo zinaanza, na vijana wenye simu wanatoka nje kunasa umeme.

Wengi wanarudi na picha ya giza. Ama wana picha ya nguzo ya stima na wingu, lakini umeme wenyewe hauko. Si ati simu ni mbaya. Shida ni kwamba mwale wa radi unawaka na kuisha kabla kidole chako hakijapokea habari.

Wengi wanajua Chepsaita kwa mbio za nyika. Lakini kwa mtu wa picha, huku kuna kitu Eldoret mjini haina: uwazi. Ni mashamba, na hakuna maghorofa ya kuziba anga. Dhoruba unaiona ikiwa bado kilomita nyingi kutoka ulipo. Shika hiyo, kwa sababu picha nzuri ya radi ni picha ya dhoruba ya wenyewe. Ikishakuwa yako, kazi imeisha.

Kwanza, mbona radi ni nyingi pande hizi? Jirani yetu mkubwa ni Ziwa Victoria. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, kwa hivyo upepo wenye unyevu unatoka ziwani kuja juu. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ikikutana na miinuko inapanda juu sana, inapoa, na ndani ya wingu vipande vya barafu vinaanza kugongana. Hapo ndipo chaji za umeme zinatengana, na zikizidi, zinaruka. Usiku gemu inageuka. Nchi kavu inapoa, upepo unarudi ziwani, na radi inahamia juu ya maji. Ndiyo maana mtu wa Homa Bay anaweza kuona umeme usiku wa manane wakati Eldoret imetulia tuli.

Mwaka 2016 watafiti walichapisha hesabu za radi duniani, wakitumia data ya setilaiti ya NASA ya kuanzia 1998 hadi 2013. Nambari moja ilikuwa Ziwa Maracaibo, Venezuela, lenye miale 233 kwa kila kilomita mraba kwa mwaka. Nambari mbili ilikuwa Kabare, mashariki mwa Kongo, yenye 205. Yaani bingwa wa Afrika yuko upande ule mwingine wa Uganda.

Sasa, picha. Radi haifukuzwi, inategewa kama vile unavyotegea panya: mtego unakaa wazi, mwenyewe anaingia. Giza likishaingia, fungua kamera ya simu kwenye hali ya Pro, kama simu yako iko nayo. ISO weka 100. Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inakaa ikiangalia, weka sekunde 10 hadi 15. Fokasi iweke mbali kabisa. Kwa simu nyingi ni ile alama ya mlima. Zima flashi. Weka taima ya sekunde mbili ndiyo kidole chako kisitingishe simu. Kama huna tripodi, mfuko wa maharagwe juu ya dirisha unafanya kazi safi. Piga, piga tena, piga tena. Kati ya picha hamsini, mbili zikitoka umeshinda.

Picha zikitoka nyeupe pe, punguza ISO ama punguza sekunde. Na maze, hiyo pia ni ujumbe: radi inayounguza picha mara nyingi imekaribia.

Mchana shata ya sekunde kumi haiwezekani, mwanga ni mwingi mno. Rekodi video, halafu rudi polepole uchague fremu moja. Fremu ya video ya 4K ina karibu pikseli milioni nane, zinatosha statasi na hata Instagram. Usishangae ukipata fremu nusu nyeupe nusu kawaida. Kamera nyingi za simu zinasoma picha mstari kwa mstari, na radi haisubiri zimalize.

Ukiunganisha miale ishirini iwe picha moja, ni sawa, wapiga picha wengi hufanya hivyo. Lakini sema. Ukinyamaza, unauzia watu dhoruba ambayo haikunyesha.

Sasa tuje kwa umbali. Wanandi wa zamani walikuwa na majina mawili ya mwenye radi: Ilet-ne-mie, mwema, na Ilet-ne-ya, mbaya. A. C. Hollis aliandika habari hiyo katika kitabu chake cha 1909 kuhusu Wanandi. Ule mlipuko wa karibu unaopasua masikio ni yule mbaya akitaka kushuka aue watu. Ile ngurumo ya mbali inayovuma polepole ni yule mwema akimfukuza. Hiyo ni imani, lakini sikio lake liko sawa kabisa. Piga picha ya yule mwema. Yule mbaya mkimbie.

Sayansi inakupa namba tu. Sauti inachukua kama sekunde tatu kusafiri kilomita moja. Ukiona umeme, anza kuhesabu hadi usikie ngurumo, kisha gawanya kwa tatu. Kama hujafika 30, radi iko ndani ya kilomita 10, na inayofuata inaweza kuwa yako. Funga tripodi, ingia ndani, na ukae dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho.

Ndani ni wapi? Nyumba imara yenye nyaya za stima na mabomba ya maji, ama gari la bodi ya chuma, madirisha yamefungwa. Pikipiki si gari. Kibanda cha mabati kwa steji si ndani. Chini ya mti ndiyo kabisa, na ukiona seng'enge usiiegemee. Simu haivuti radi, hiyo ni stori tu. Kinachokuweka hatarini ni kusimama juu ya kilima ukiwa ndiyo kitu kirefu kuliko vyote shambani. Lakini ukiwa ndani usiitumie ikiwa kwa chaji, radi hupitia nyaya.

Hii si maneno ya kutisha watoto. Tarehe 2 Novemba 2024, watu 14 waliuawa na radi kwenye ibada katika kambi ya wakimbizi ya Palabek, kaskazini mwa Uganda. Mwaka 2011, nchini humo humo, radi moja iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya. Uganda kuna shirika, ACLENet, linaloweka vifaa vya kukinga radi mashuleni, kwa sababu majengo mengi ya kwetu hayakujengwa yakiifikiria. Hawa watu hawakuwa wanatafuta likes. Walikuwa kanisani na darasani. Wewe mwenye tripodi una kitu wao hawakupata: unaiona ikija, na unaweza kuhesabu.

Na kuingia ndani hakumaanishi umekosa. Dhoruba ikishapita na zile dakika 30 zikaisha, toka uangalie upande ilikoenda. Mvua imeosha vumbi, hewa ni safi, na lile wingu lote unaliona kutoka nyuma likiwaka ndani kama taa. Ngurumo huisikii tena. Hapo sasa, tega simu.