Kibo Chini ya Nyota: Ufundi wa Picha za Usiku Mlimani Kilimanjaro

Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1973 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1987, inajulikana zaidi kwa picha zake za mchana, hasa zile zinazoonyesha theluji ya kilele cha Kibo ikiwa juu ya mawingu na tembo wakiwa mbugani. Sura ya mlima huo usiku haijashughulikiwa kwa kiwango hicho. Sababu mojawapo ni kwamba vitabu vingi vya ufundi wa kamera vimeandikwa kwa ajili ya anga la kaskazini mwa dunia, ambalo mwendo wake ni tofauti kabisa na wa anga linaloonekana kutoka maeneo ya mlima huu kama Shira, Barranco au Rongai.

Kilimanjaro iko takribani nyuzi 3 kusini mwa Ikweta, na jambo hilo moja hubadilisha karibu kila hesabu ya mpiga picha. Jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, utusitusi hudumu dakika 70 hivi tu, kisha giza kamili hutawala hadi karibu na alfajiri. Nyota huchomoza mashariki na kupanda karibu wima. Ncha ya anga ya kusini, yaani ile nukta ambayo nyota huonekana kuizunguka kwa sababu dunia inajizungusha, iko nyuzi 3 tu juu ya upeo wa macho, na ncha ya kaskazini imefichika chini ya upeo. Kwa hiyo mpiga picha anayeacha kamera wazi kwa saa kadhaa ili nyota zichore michirizi hupata mistari inayokaribia kunyooka anapoelekea mashariki au magharibi, na matao yasiyokamilika anapoelekea kusini au kaskazini. Picha inayoonyesha miduara kamili ya nyota juu ya kilele cha Kibo haiwezi kuwa imepigwa hapo kwa mkupuo mmoja. Imeunganishwa kwenye kompyuta na anga la nchi nyingine, na ni haki ya msomaji kuelezwa hivyo.

Anga halisi la Kilimanjaro halihitaji nyongeza hiyo. Njia Nyeupe, yaani ule ukanda wa mwanga hafifu unaotokana na mabilioni ya nyota za galaksi yetu, huwa na sehemu yake angavu zaidi katika kundinyota la Kausi, na sehemu hiyo hupita juu sana angani katika miezi ya Juni hadi Agosti, ambayo kwa bahati njema ni ya kiangazi. Hata hivyo ukanda ulio juu ya utosi hauwezi kuingia katika picha moja pamoja na mlima, na ndiyo maana uteuzi wa mahali na saa una uzito kuliko ubora wa kamera. Mtu aliyeko kwenye uwanda mkavu kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo, katikati ya Agosti usiku usio na mwezi, ataiona Kausi ikiteremka upande wa magharibi-kusini-magharibi karibu saa saba usiku. Ni saa hiyohiyo ambapo wapandaji walioondoka kambi ya Kibo Hut, mita 4,720 juu ya usawa wa bahari, huwa wanapanda mteremko wa mashariki kwa taa za kichwani. Mstari wa taa hizo na ukanda wa nyota huweza kukaa katika fremu moja bila hila yoyote, na ni vigumu kutaja mandhari ya usiku yenye thamani kubwa zaidi katika hifadhi hii.

Kwa upande wa vipimo, kanuni inayotumika sana ni kugawa 500 kwa urefu wa lenzi katika milimita ili kupata idadi ya sekunde ambazo nyota zitabaki nukta, hivyo lenzi ya milimita 24 huruhusu sekunde 20 hivi. Kanuni hiyo ni ya kukadiria tu, na karibu na Ikweta inafaa muda huo upunguzwe hadi sekunde 12 au 15, kwa kuwa nyota zinazopita karibu na utosi ndizo zinazosogea kwa kasi kubwa zaidi kwenye picha. Pengo la mwanga linaloletwa na muda huo mfupi huzibwa kwa tundu pana la lenzi, kama f/2.8, na kwa kupandisha ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kuupokea mwanga, hadi 3200 au zaidi. Baridi, ambayo katika kambi za juu hushuka chini ya nyuzi sifuri, hupunguza nguvu ya betri, na kwa hiyo betri za akiba hulazwa ndani ya mfuko wa kulalia.

Usiku pia hufichua mambo ambayo mchana hauyaonyeshi. Lobelia deckenii, mmea wa ukanda wa juu wa mlima, hufumba majani yake jua linapozama na kuufunika moyo wake laini dhidi ya baridi. Tochi dhaifu ikimulikwa kwa sekunde mbili tatu kutoka ubavuni hutosha kuonyesha jinsi kila jani lilivyolalia lenzake, wakati tochi iliyo mbele huyafanya yote yaonekane bapa.

Mwezi mpevu, unaofuta nyota hafifu, nao una kazi yake, kwani huimulika barafu ya upande wa kusini wa Kibo kwa mwanga mpole usio na mng'ao wa mchana. Kazi ya kuipiga picha barafu hiyo haingoji. Mwaka 1912 Mjerumani Fritz Klute alitumia picha kupima na kuchora ramani ya barafu ya Kibo, na ulinganisho wa baadaye umeonyesha kuwa zaidi ya asilimia 80 ya eneo la barafu hiyo imetoweka. Picha ya usiku iliyoandikwa tarehe, saa, mahali na urefu wa lenzi inaweza kuingia katika kumbukumbu ya mabadiliko hayo ya barafu. Iliyounganishwa kwenye kompyuta haiwezi. Mgeni hupanda mara moja na kwenda zake, ilhali waongozaji na wapagazi hulala Barranco msimu baada ya msimu. Wao ndio wenye nafasi ya kuchagua jiwe moja, kuelekeza lenzi ileile upande uleule, na kurudia picha hiyo kila mwezi unapopevuka.