Utangulizi: Mtoto wa M30.3

Mwanafunzi wa rekodi za afya, kazi uliyoichagua wagonjwa hawaioni, ila maisha yao yanapita mikononi mwako.

Tuchukue mfano. Mtoto wa miaka miwili analetwa hospitalini Nakuru kutoka Molo, homa ikiwa siku ya sita. Macho mekundu, midomo imepasuka, ulimi mwekundu kama stroberi, vipele mwilini, viganja vimevimba. Nyumbani walisema ni ukambi. Daktari anauona ugonjwa wa Kawasaki: kuvimba kwa kuta za mishipa ya damu. Dkt. Tomisaku Kawasaki aliukuta Japani mwaka 1961, akachapisha habari za watoto 50 mwaka 1967. Hakuna kipimo kimoja cha maabara cha kuuthibitisha. Hutambuliwa kwa dalili. Usipotibiwa, takribani mtoto mmoja kati ya wanne hudhurika mishipa inayoulisha moyo. Immunoglobulini (kingamwili) ikitiwa mshipani kabla ya siku ya 10, hatari hiyo hupungua sana.

Sasa faili limekufikia wewe. Katika toleo la 10 la Ainisho la Kimataifa la Magonjwa, msimbo ni M30.3. Wanafunzi wengi huutafuta kwenye I, sura ya moyo na mishipa, wakaukosa. Uko kwenye M, pamoja na mifupa na misuli, kwa kuwa umewekwa kati ya magonjwa ya tishu unganishi yanayoenea mwili mzima. Mshipa wa moyo ukitanuka, ongeza I25.4. Toleo la 11 limeuhamishia sura ya kinga ya mwili, 4A44.5, na naona hapo ndipo kwao hasa.

Ukambi, ule uliotajwa nyumbani, ni B05, na una mstari wake kwenye fomu ya Wizara ya Afya ya Kenya, MOH 705A, ya wagonjwa wa nje walio chini ya miaka mitano. Kawasaki hauna, huishia kwenye mstari wa magonjwa mengine yote. Kwa hiyo ukisikia kwamba Bonde la Ufa halina ugonjwa huu, uliza kwanza mafaili yaliandikwaje.

Daktari akiandika "homa na vipele" tu, utabaki na R50.9 na R21, na Kawasaki utakuwa umefutika kwenye hesabu za kaunti, hata kama mtoto alitibiwa ipasavyo. Usikisie jina la ugonjwa. Ukiona faili la homa ya siku sita, macho mekundu na immunoglobulini kwenye karatasi ya dawa, lichukue, urudi nalo wodini, umwombe daktari aandike alichokitibu.