Ndege wa Matete wa Basra

Mvua za Unyambwa, kama za Singida yote, huanza karibu na mwezi wa Novemba na kwisha Aprili. Mtu apitaye mbugani siku hizo husikia katika majani marefu sauti za ndege wadogo wa rangi ya udongo, asiwaone. Wengi wetu huwaita ndege wa matete tu, wala si ajabu, maana hata wenye elimu ya ndege huwatambua kwa taabu mpaka wawashike mkononi. Wengine ni wenyeji wa mwaka mzima; wengine huja na mvua na kuondoka nayo. Katika hao wajao na mvua yuko mmoja, naye huonekana zaidi upande wa mashariki wa Tanzania kuliko kwetu bara, ambaye jina lake lapoteza watu.

Huyu huitwa ndege wa matete wa Basra, na asikiaye hudhani kwamba ni wa Iraki peke yake. Kumbe wataalamu walimjua kwanza kwa ndege aliyepatikana Nguru, nchini Tanzania, ambaye Gustav Hartlaub wa Bremen, Ujerumani, aliandika habari zake mwaka 1891. Mgongo wake ni kahawia yenye kijivu, tumbo jeupe, mdomo mrefu mwembamba, na juu ya jicho pana mstari mweupe. Chakula chake hasa ni wadudu.

Kiota hukisuka Iraki, kati ya matete ya mito ya Hidekeli na Frati. Makinda wakiisha kukua, husafiri usiku, hupumzika Sudan na Uhabeshi, kisha hufika Kenya, Tanzania na Msumbiji kama mwezi wa Novemba, akakaa mpaka Aprili. Kutoka Basra hata Nguru ni zaidi ya kilomita 4,000. Basi ukihesabu miezi, hakai kwetu muda mfupi kuliko akaavyo huko. Nasi twamwita mgeni!

Baada ya maasi ya mwaka 1991, serikali ya Iraki ya wakati ule ilichimba mifereji na kujenga maboma ili kukausha vinamasi, na karibu na mwaka 2002 zaidi ya sehemu tisa katika kumi zilikuwa zimekwisha kauka. Mwaka 2003 wenyeji waliyabomoa maboma, maji yakarudi, lakini si yote. Ukame na mabwawa ya nchi za juu huyapunguza tena. Ndege huyu sasa amehesabiwa miongoni mwa walio hatarini kutoweka. Huku nako vichaka vya mabonde yenye maji, ambamo hujificha, hufyekwa kwa mashamba.

Huko Ngulia, katika Tsavo ya Kenya, tangu mwaka 1969 wataalamu hutandaza nyavu usiku wa ukungu, mwezi wa Novemba na Desemba, taa zikiwavuta ndege wasafiri chini. Huwavika pete miguuni na kuwaachilia. Na ndege wa Basra ni mmoja wa wale wawatazamiao.