Mkono Unakufa Ganzi Ukiendesha Nduthi? Tengeneza Akseleta Kabla Ikumalize

Umetoka Rongai hadi tao, umeshusha kastoma, unatoa simu ucheki kama M-Pesa imeingia. Vidole vinakataa. Unakung'uta mkono kama mtu ameshika sufuria moto, unangoja damu irudi, halafu unawasha tena kwa sababu kuna oda nyingine inangoja Kilimani.

Kama hiyo ni story yako, buda, hii ni yako.

Mimi pia nimepitia hapo. Nilipotoka college bila cheti, nilichapa delivari karibu mwaka mzima. Miezi ya kwanza nilidhani ni uchovu tu. Baadaye nikaanza kuamshwa saa nane usiku na mkono wa kulia unachoma kama umewekwa pilipili. Kwa steji waliniambia nikaze, eti nitazoea. Hiyo advaisi ni mbaya, na nitakushow kwa nini.

Shida inatoka wapi?

Mkono wa kulia unafanya job mbili kwa wakati mmoja: unashikilia usukani na unapinda akseleta. Na akseleta iko na springi inayovuta kinyume chako muda wote, kwa sababu ukiachilia lazima moto ushuke. Kwa hivyo kutoka asubuhi mpaka jioni unapigana na springi, huku kifundo cha mkono kimekunjwa kwenda juu.

Ndani ya kifundo hicho kuna njia nyembamba. Hapo zinapita kano 9 za vidole pamoja na neva moja. Ukikunja na kukaza sana, neva inafinywa. Ongeza mtetemo wa injini na baridi ya Nairobi ya Julai, ngori inaanza.

Cheki ni vidole gani vinakufa ganzi. Kama ni gumba, cha shahada na cha kati, pengine ni hiyo neva. Kama ni kidole kidogo na jirani yake, kuna neva nyingine ya upande huo, na mara nyingi ni vile unalalia usukani na kiganja.

Anza na waya

Kabla ununue kitu chochote, zima injini upinde akseleta. Ni nzito? Inakwaruza? Basi waya imekauka, imejaa vumbi, imepinda vibaya ama imeanza kukatika nyuzi ndani. Waya nzito inakufanya ukaze mkono bila kujua.

Mwambie fundi aitoe, aisafishe na aitie oili. Kama nyuzi zimeanza kukatika, usitengeneze, weka mpya. Pia mwambie acheki njia waya inapitia chini ya tangi. Kona kali inaongeza uzito.

Acheki pia ulegevu. Kwa pikipiki nyingi, akseleta inafaa kuzunguka bure kama mm 2 hadi 6 kabla ivute moto. Ikilegea sana, unalazimika kukunja kifundo zaidi ndio moto ushike.

Weka mkono straight

Hii ni ya bure na wasee wengi hawaijui. Kaa kwa nduthi vile unakaanga ukiwa kazini, weka vidole juu ya breki na klachi. Angalia kutoka kiwiko hadi vidole: kama mstari unavunjika kwa kifundo, levu zimewekwa juu sana ama chini sana. Legeza nati, zungusha levu hadi mkono unyooke, kaza tena. Ukiona usukani wenyewe uko mbali, unaweza pia kuzungushwa kidogo ukujie.

Na ushike kama umeshika yai. Juu ya nduthi unajishikilia na magoti na mgongo. Usining'inie kwa mikono.

Mpira wa kushikilia

Mpira mwembamba na mgumu unalazimisha vidole vikaze. Mnene kidogo na laini unapunguza nguvu unayotumia na kumeza mtetemo. Lakini usipitilize: kama gumba na kidole cha kati haviwezi kukaribiana, sasa utachoka zaidi.

Kuna wale hufunga tiyubu ya baiskeli juu ya mpira. Inasaidia, lakini acha nafasi kati yake na kibandiko cha swichi. Tiyubu ikikwama hapo, akseleta haitarudi. Vilevile usichukue mpira wa kushoto uweke kulia. Wa kulia uko na tundu kubwa kwa sababu unavaa juu ya ile bomba inayozunguka. Zile glavu kubwa za turubai za baridi pia, hakikisha haziburuti akseleta.

Kipande cha kulalia kiganja

Kuna kipande kidogo cha plastiki kinachobanwa kwa mpira wa akseleta. Badala ya kukaza vidole, unasukuma chini na kiganja. Kwa msee anayetoka Nairobi hadi Nakuru, hiyo ni raha. Kwa jam ya tao, kuwa mwangalifu: ukikiweka juu sana, kiganja kinaweza kugusa wakati unafikia breki, na nduthi iruke mbele pahali ulitaka isimame. Kijaribu kwanza kwa uwanja mtupu.

Usiguse hii

Usifunge akseleta na raba ama kamba ili ikae pahali pamoja. Usikubali fundi akate springi eti ikuwe laini. Hiyo springi inayokuchosha ndiyo inakuokoa mtoto akiruka barabarani na ukiachilia mkono.

Kwa hivyo kila ukibadilisha kitu, fanya hii testi. Injini ikiwa imezimwa, pinda hadi mwisho uachilie: lazima irudi yenyewe, chap. Rudia usukani ukiwa umekatwa kushoto kabisa, kisha kulia kabisa. Halafu washa injini ikiwa nyutro, zungusha usukani kushoto na kulia bila kugusa akseleta. Kama mlio unapanda, waya imevutwa sana. Usitoke hapo.

Na za umeme je?

Nduthi za umeme kama za Roam na Ampersand hazina waya ya kuvuta karbureta. Akseleta inatuma ishara tu. Klachi hakuna, na mtetemo wa injini ya petroli haupo. Kama unapanga kubadilisha nduthi na mkono unakusumbua, ziendeshe kwanza ujisikie mwenyewe.

Wakati wa kuona daktari

Ukiona ganzi haiishi hata siku ya off, unaangusha vitu, ama nyama ya chini ya kidole gumba inapungua, wacha kununua dawa za maumivu kwa kiduka. Neva ikifinywa muda mrefu inaweza kuharibika isirudi vile ilikuwa. Ukienda mapema, mara nyingi wanaanza na kitu simple kama kifaa cha kufunga kifundo ulale kikiwa kimenyooka.

Mimi nilienda nikiwa nimechelewa. Mpaka leo, nikiandika muda mrefu, gumba langu hunikumbusha zile oda za Kilimani.

Loani ya nduthi inalipwa na huo mkono. Kesho asubuhi kabla utoke, chukua dakika 5 upinde akseleta ikiwa imezimwa. Na kama kuna msee wa steji yenu anakung'uta mkono kila akishusha kastoma, usimwambie azoee. Mtumie hii.