Chale za Mkate wa Chachu

Mama aliyeulea unga wake wa chachu usiku kucha, akaukanda na kuuviringa ukawa donge la kupendeza, huona tabu kuupitishia wembe dakika moja kabla ya kuutia motoni. Huona kana kwamba anaharibu alichokijenga. Basi huiruka hatua hiyo, na mkate ukitoka umepasuka ubavuni kama embe lililoanguka mtini, lawama zote huiendea chachu. Humwagwa chachu iliyolelewa wiki nzima, na unga, kwa bei zake za leo, huanza kupimwa upya. Chachu ya watu haikuwa na kosa lolote.

Tuutazame moto unavyofanya kazi. Donge linapoingia katika oveni yenye joto la nyuzi 230 hadi 250, hewa iliyomo ndani hutanuka, maji hugeuka mvuke, na chachu yenyewe huchapuka kwa mara ya mwisho mpaka joto la ndani likaribie nyuzi 60, hapo ikafa. Ndani kunasukuma, nje, ngozi inakauka na kukaza. Lazima pawe na mahali pa kupasukia, na mwenye kuchanja ndiye achaguaye mahali hapo. Asipochagua, mkate hutafuta penye udhaifu, aghalabu ubavuni au kwenye mshono wa chini. Ngozi ikishinda, mkate hubaki umejikunyata, mzito, wa kunata mdomoni.

Mkate wetu wa mofa hauna haja ya chale, kwa kuwa ni mwembamba. Mkate wa kumimina nao ni rojo lisilo na ngozi. Ni huu mnene wa mviringo unaohitaji njia ya kupumulia.

Kuutia mkate alama kabla ya kuuoka ni jambo la kale mno. Katika mji wa Herculaneum, Italia, uliofunikwa na mlima Vesuvius mwaka 79, ulipatikana mkate uliogeuka mkaa, mistari imeugawa vipande 8, na juu yake mhuri wenye jina la Celer, mtumwa wa Quintus Granius Verus. Himaya nzima imepita, na mkate wa mtumwa bado unasomeka. Wafaransa nao huchanja ile mikate yao mirefu myembamba kwa chale za mshazari zinazopishana kidogo, na ufundi wa kuioka uliingizwa na UNESCO katika orodha ya turathi za binadamu mwaka 2022.

Sasa mkono. Wembe uwe mpya. Wachinjaji wanajua adha ya kisu butu, na unga nao haukubali kukokotwa: hukunjamana na kuvutika. Pitisha mara moja, kwa haraka, bila kurudia, kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja. Ukiulaza wembe, kiasi cha nyuzi 30, upande mmoja wa chale huinuka na kufanya sikio jembamba, kavu, ambalo watoto huligombania. Ukiusimamisha wima, chale hufunguka sawasawa pande zote mbili. Hiyo ndiyo ifaayo kwa alama ya msalaba au mraba. Majani na maua tunayoyaona katika simu ni mapambo. Yachorwe kwa juu juu tu, na chale moja ya kina iwepo kando yake, la sivyo maua yote yatararuka. Unga wa mchele ukipakwa juu kwanza, michoro huonekana vizuri zaidi.

Joto la pwani yetu hulilegeza donge likawa kama tope. Liweke katika friji usiku kucha, ulichanje lingali baridi, kisha uliingize moja kwa moja ndani ya sufuria nzito iliyokwisha kupata moto, ufunike dakika 20. Mvuke uliozuiliwa huilainisha ngozi, chale zikapata muda wa kufunguka. Kisha funua, mkate ugeuke rangi.

Kabla ya wembe, libonyeze donge kwa kidole. Likirudi upesi, bado ni changa, lingoje. Likirudi polepole, limewadia. Lisiporudi kabisa, limepita wakati wake, na chale ya kina italizamisha. Hilo lihamishie katika bati lililopakwa mafuta, liokwe bila kuchanjwa, na litalika na chai asubuhi.