Pilipili ya Ituri mbele ya maabara

Katika masoko ya nyanda za juu za Djugu, mkoani Ituri, Kongo, lile la Kpandroma likiwemo, pilipili kavu huuzwa kwa kopo. Mnunuzi huchota kiganjani, huangalia rangi, huvunja ganda moja asikie kama linalia, kisha hunusa. Akiridhika, wanaanza kupatana bei. Jicho, sikio na pua za mama anayeuza viungo miaka nenda rudi si vya kubezwa, maana hutambua haraka mzigo uliolala na unyevu. Lakini mzigo huohuo ukifika Mahagi na kuvuka mpaka wa Goli kuingia Uganda, unaingia kwenye biashara yenye maswali ambayo kopo haliwezi kujibu. Una maji asilimia ngapi? Ukali wake ni kiasi gani? Umebeba sumukuvu? Mwenye majibu ndiye anayepanga bei, na kwa sasa majibu hayo hayatoki shambani.

Tuanze na maji, kwa kuwa hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Pilipili mbichi yenye maji asilimia 75 ikikaushwa hadi asilimia 10, kilo 100 hubaki takriban kilo 28. Mkulima anayeuza ikiwa na asilimia 18 amempa mnunuzi maji kwa bei ya pilipili, na kwa muda mfupi anaonekana amefaidi. Mnunuzi mzoefu hataki kupunjwa, kwa hiyo hushusha bei ya kila mtu, hata ya jirani aliyekausha vizuri. Kosa la mmoja huwa hasara ya soko zima. Kifaa kidogo cha kupima unyevu, cha kushikwa mkononi, kingeutatua ugomvi huo palepale kwenye meza ya muuzaji.

Unyevu huo ndio pia mlango wa ukungu. Ituri ina mvua karibu mwaka mzima, na huko juu ukungu wa asubuhi na baridi hufupisha saa za jua. Pilipili inayoanikwa ardhini hunyeshewa, hugeuzwa, hunyeshewa tena, na ndani ya ganda kuvu aina ya Aspergillus hupata nafasi ya kutengeneza sumukuvu, ambayo haionekani, hainuki na haiondoki kwa kupikwa. Umoja wa Ulaya unaruhusu mikrogramu 5 tu za aflatoksini B1, mojawapo ya sumukuvu hizo, katika kilo moja ya pilipili kavu, na mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa jumla. Hakuna pua inayoweza kufikia kipimo hicho.

Na si Ulaya pekee inayofunga mlango. Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na malori yakakwama mipakani. Mwaka 2004 watu 125 walikuwa wamekufa nchini Kenya, wengi wao huko Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Wafanyabiashara wetu walifurahia habari za ushuru, lakini soko la pamoja lina viwango vya pamoja pia, na wenzetu wa Uganda na Kenya wamekwisha kuonja machungu ya kurudishiwa mzigo. Pilipili mbichi ya Uganda imezuiwa Ulaya mara nyingi kwa sababu ya viwavi wa nondo waliojificha ndani ya tunda.

Ukali nao una hesabu yake. Mwaka 1912 mfamasia Mmarekani Wilbur Scoville aliwaonjesha watu maji ya sukari yenye pilipili, akiyazimua mpaka ukali usisikike tena. Siku hizi mashine hupima moja kwa moja kapsaisini, kemikali inayowasha. Pilipili kichaa, ile ndogo inayojiotea hata kando ya nyumba, hufika vipimo vya Scoville kati ya 50,000 na 100,000, wakati pilipili nyingi za Korea huishia elfu chache tu. Hapa ndipo naona mkulima wa Ituri anapunjwa zaidi: anauza ukali kwa bei ya ujazo. Kiwanda cha mchuzi hununua ukali, na pilipili kali zaidi hukifanya kitumie kidogo zaidi.

Unga ni habari nyingine. Mwaka 2005 Uingereza iliondoa madukani bidhaa zaidi ya 400 baada ya rangi ya viwandani iitwayo Sudan I kugunduliwa katika unga wa pilipili uliotumika kutengeneza mchuzi. Tangu hapo mnunuzi makini huutilia shaka unga asioujua asili yake, na ganda zima lililokauka vizuri linabaki salama zaidi kwa muuzaji mdogo.

Lakini lazima tuishie kwenye kukausha? Korea ina vuli fupi na majira ya baridi makali, na watu wake waliipa pilipili njia ya pili. Gochujang, mchuzi mzito mwekundu, hutengenezwa kwa unga wa pilipili, wali wa kunata, soya iliyochachushwa na chumvi, ukaachwa kwenye mitungi ya udongo kwa miezi. Wilaya ya Sunchang imejijengea jina na uchumi kwa mchuzi huo. Wakorea hawakuridhika na sifa za mdomo. Walipeleka mchuzi wao maabara, wakapima kapsaisini, protini, unyevu na bakteria, na wakaweka madaraja matano ya ukali yanayochapishwa kwenye kopo. Mwaka 2009 tume ya Codex, inayoweka viwango vya chakula vya kimataifa, iliupitishia mchuzi huo kiwango cha Asia, na mwaka 2020 kikawa cha dunia nzima. Mwaka 2024 UNESCO ikaorodhesha utamaduni wa Korea wa kutengeneza michuzi ya soya ya aina hiyo.

Ituri haihitaji kuiga ladha ya Korea. Inachoweza kuchukua ni ule uamuzi wa kuchachusha. Pilipili mbivu ikisagwa na chumvi ikafungwa vizuri, bakteria wa asidi huichachusha, na kiwango cha pH kikishuka vya kutosha, chini ya 4.6 kwa mbali, vijidudu hatari hushindwa kukua. Jua halihitajiki. Hata watengenezaji wa mchuzi wa Tabasco huko Louisiana, Marekani, ambao sehemu ya pilipili zake hulimwa Afrika, huhifadhi rojo ya pilipili na chumvi kwenye mapipa ya mbao kwa hadi miaka mitatu. Chumvi si kitu kigeni kwetu: ng'ambo ya Ziwa Albert, huko Kibiro, wanawake wamekuwa wakiipika kwa karne nyingi. Na uchachushaji wenyewe wakulima wa kakao wa Mambasa na Irumu wanaufanya kila msimu. Mnunuzi hupasua mbegu zao kwa kisu, hutazama rangi ya ndani, na bei hutegemea alichokiona. Huo ni uchambuzi wa ubora, unaofanyika hadharani, na mkulima anauona kwa macho yake.

Vikwazo vipo, tena vizito. Tangu mwisho wa 2017 mashambulizi huko Djugu yamewafukuza watu mashambani, na barabara ya taifa namba 27 kati ya Bunia na Mahagi imekuwa ya hatari. Chupa, mifuniko na karatasi za kupimia pH hutoka mbali. Ofisi ya Kongo ya Udhibiti, OCC, ina jukumu la kuthibitisha ubora, lakini mama mwenye magunia mawili hawezi kulipia kipimo peke yake. Kundi la wauzaji ishirini linaweza: sampuli moja iliyochanganywa vizuri kutoka kwenye mizigo yao yote, ikapimwa unyevu na sumukuvu kabla ya kupatana bei, na cheti kikabaki mikononi mwao badala ya mikononi mwa mchuuzi.