Taa za Ghala Lenye Paa la Juu

Leo tutajifunza jinsi ya kuchagua taa za ghala. Kalamu na madaftari yawe tayari, maana iko hesabu ndogo.

Fikirini ghala la chama cha msingi huko Mtwara, wakati wa msimu wa korosho. Jua limekuchwa, na wakulima bado wamepanga foleni. Magunia yanapimwa, na korosho zinatiwa daraja la kwanza au la pili. Taa zikiwa hafifu, mkulima hasomi vizuri tarakimu za mizani. Mpanga daraja haoni korosho mbovu. Mchukuzi mwenye gunia begani haoni shimo lililo mbele yake. Basi taa ya ghala si pambo. Ni haki ya mkulima, na ni usalama wa mfanyakazi.

Pengine mtauliza: kwa nini taa inayotutosha nyumbani haitoshi ghalani? Fanyeni jaribio hili. Chukueni tochi, simameni hatua moja kutoka ukutani, muumulike ukuta. Mtaona duara dogo lenye mwanga mkali. Sasa rudini nyuma, mpaka hatua mbili. Upana wa duara umekuwa mara mbili, lakini eneo lake limekuwa mara nne. Mwanga ni ule ule, nao umegawanywa mahali pengi zaidi. Kila mahali pamepata robo tu.

Taa ya ghala ni hivyo hivyo. Ukiipandisha kutoka mita 3 mpaka mita 6, mwanga ulio chini yake hubaki robo. Ukiipandisha mpaka mita 9, hubaki sehemu moja katika tisa.

Kwa hiyo, mnaponunua taa, angalieni mambo manne.

La kwanza, someni lumeni, msisome wati peke yake. Wati ni umeme ambao taa inakula. Lumeni ni mwanga ambao taa inatoa. Globu ya zamani yenye waya hutoa lumeni 15 hivi kwa kila wati. Umeme mwingi hupotea kwa joto. Taa nzuri ya LED hutoa lumeni 100 au zaidi kwa kila wati.

Tupige hesabu. Mwanga wa lumeni moja ukienea katika mita moja ya mraba, huitwa luksi 1. Kiwango cha Ulaya kwa ghala la kuwekea mali ni luksi 100. Ghala lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10 lina mita 200 za mraba. Zidisha 200 kwa 100: ni lumeni 20,000. Lakini mwanga mwingine humezwa na kuta na vumbi, basi zidisha mara mbili: lumeni 40,000. Taa nne za LED, kila moja lumeni 10,000, zitatosha. Kila taa ikila wati 100, zote nne zikiwaka saa 10 zitakula uniti 4 za umeme.

La pili, angalieni kofia ya taa. Kofia hukusanya mwanga na kuuelekeza chini. Paa likiwa juu sana, chagueni taa ambayo mwanga wake hautawanyiki mno.

La tatu, fikirini mahali pa kuitundika. Itundikeni juu ya njia wanamopita watu, si juu ya rundo la magunia. Rundo likikua litaziba mwanga, na taa yenye joto karibu na magunia yaweza kuleta moto. Penye mizani ongezeni taa nyingine iliyo chini zaidi. Mahali pa kufungashia mali, kiwango hicho cha Ulaya ni luksi 300.

La nne, ziacheni taa kubwa za zamani za zebaki. Umeme ukikatika na kurudi, taa hizo hungoja dakika kadhaa kabla ya kuwaka tena, na watu wamo gizani. Tena zebaki ni sumu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kuzitengeneza na kuzifanyia biashara kati ya nchi na nchi.

Msisahau jua, maana halidai malipo. Mabati machache yanayopitisha mwanga yatawatosha mchana. Taa nazo zifutwe vumbi, zikiwa zimezimwa. Kazi ya nyaya mwachieni fundi wa umeme mwenye leseni.

Maswali ya darasa:

1. Wati na lumeni zina tofauti gani?

2. Taa ikipandishwa kutoka mita 4 mpaka mita 8, mwanga ulio chini yake utabaki kiasi gani?

3. Ghala lenu lina urefu na upana gani? Pigeni hesabu ya lumeni, kisha mwipeleke kwenye mkutano wa chama.